Mambo ya Nyumbani: Vikeki vya Jibini Visivyookwa



Karamu ya ubatizo, ya arusi, au ya watoto waliofaulu mtihani ikikaribia, mwenye nyumba huingiwa na mashaka. Keki ya kuokwa yataka tanuri, wala si kila nyumba iliyo na tanuri. Keki ya dukani ina bei yake. Tena hata ikipatikana, kisu kipitapo hutoka kipande kinene na kipande chembamba, na mtoto aliyeketi karibu na mlango huambulia makombo. Jambo hilo huonekana dogo kwa watu wazima, lakini mtoto hulikumbuka siku nyingi.

Kwa hiyo mwezi huu twapenda kuwaeleza namna ya kufanya vikeki vidogo vya jibini, kila kimoja ndani ya kikombe chake, pasipo moto wa tanuri. Kila mgeni hupata sawa na mwenzake, na kazi yote humalizika jana yake, hata mwenye nyumba apate kuketi na wageni wake.

Keki ya jibini si jambo geni duniani. Kato, Mrumi wa kale aliyeandika juu ya kilimo zaidi ya miaka 2,100 iliyopita, aliacha maelezo ya mikate iliyofanywa kwa jibini na unga, na mingine kwa asali pia. Hiyo iliokwa. Namna hii isiyookwa imewezekana kwa sababu ya vitu vya karibuni zaidi. Mwaka 1856 Gail Borden wa Marekani alipata hati ya kulinda ufundi wake wa kufanya maziwa mazito. Na katika miaka ya 1870 William Lawrence, wa Chester katika jimbo la New York, alianza kufanya jibini laini yenye malai. Jibini hiyo huuzwa katika maduka makubwa ya mijini, lakini ni ghali. Sisi twatumia mtindi uliochujwa, nao hautuaibishi.

Kwa vikombe 12 vidogo, tayarisha vitu hivi: mtindi mzito usiotiwa sukari, lita moja na zaidi kidogo, biskuti za kawaida, gramu 150, siagi, gramu 70, maziwa mazito matamu ya kopo, gramu 200, yaani kama nusu ya kopo la gramu 397, maji ya ndimu au limau, vijiko vikubwa 3, na chumvi, chembe tu.

Kazi ya kwanza ni kuchuja. Chukua kitambaa safi cha melimeli kilichochemshwa, ukitandaze juu ya kung'uto, na kung'uto juu ya bakuli. Mimina mtindi, funga kitambaa, na uache usiku kucha katika friji. Asubuhi utakuta mtindi umekuwa mzito kama jibini. Pima gramu 400. Maji yaliyochuruzika usiyamwage, kwani yafaa kukandia unga wa chapati siku ile ile.

Kazi ya pili ni biskuti. Zitwange katika kinu kikavu, au uzitie katika mfuko safi na kuzisaga kwa chupa, hata ziwe kama mchanga. Yeyusha siagi, uchanganye. Tia vijiko viwili vikubwa katika kila kikombe, ukandamize kwa kitako cha bilauri, kisha weka vikombe katika baridi muda wa nusu saa, ili siagi igande na kuzishika chenga.

Kazi ya tatu ni kuchanganya. Koroga mtindi uliochujwa hata uwe laini, tia maziwa mazito na chumvi, ukoroge tena. Mwisho tia maji ya ndimu kidogo kidogo. Hapo utaona ajabu, maana mchanganyiko huanza kuwa mzito machoni pako. Sababu yake ni kwamba ukali wa ndimu huikusanya protini ya maziwa na kuishikamanisha. Mimina juu ya biskuti, funika, na uweke katika friji saa 6 au usiku mzima. Usijaribu kuvitoa katika vikombe. Huliwa kwa kijiko humo humo. Juu yake weka kipande cha embe, nanasi au pasheni wakati wa kuandaa meza, si mapema, maana matunda hutoa maji.

Basi yasikieni na maonyo, kwa kuwa chakula hiki ni rahisi kukifanya na rahisi kukiharibu. Keki ya tanuri husafishwa na moto. Hii haipitii moto hata mara moja. Kwa hiyo unadhifu wa mikono, kitambaa na kijiko ndio ulinzi wake wa kwanza. Ikiwa mtindi unaufanya mwenyewe, maziwa yachemshwe kwanza, yapoe yawe vuguvugu, ndipo yatiwe mtindi kidogo wa kuyagandisha. Maziwa mabichi huweza kuleta bruselosi, homa irudiayo na kuumiza viungo kwa majuma mengi. Wala kuganda kwake hakuondoi hatari hiyo.

Ulinzi wa pili ni baridi. Shirika la Afya Duniani lafundisha kwamba chakula cha namna hii kikae chini ya digrii 5, wala kisiachwe nje zaidi ya saa 2.

Sisi wenyewe tulipata kujifunza hayo kwa haya. Tulifanya vikombe 24 kwa karamu ya watoto, tukavipanga mezani tangu asubuhi ili meza ipendeze. Wageni wakakawia. Hata saa saba mchana vilikuwa vimelegea, na maji yameelea juu. Jirani mmoja akasema havijanuka, vyaliwa bado, na kumwaga chakula ni vibaya. Tulisita, maana fedha ya juma zima ilikuwa ndani ya vikombe vile. Lakini chakula kilichoharibika hakitoi harufu kila mara. Tukawatazama watoto waliokuwa wakingoja, tukavimwaga vyote, tukawapa chai na mkate. Wengine walilia. Usiku ule tulilala kwa huzuni ya fedha, si kwa hofu ya mtoto wa mtu.

Tangu siku ile twavitoa sita sita, kwa kadiri ya wageni waliokwisha keti, na vingine hungoja katika baridi. Asiye na friji na aombe nafasi kwa jirani, akatume watoto kuvileta wakati wa kula. Na ikiwa hapana baridi karibu, au umeme hukatika mara kwa mara, twamshauri asivifanye kabisa. Aandae vitumbua vya moto na matunda yaliyomenywa wakati ule ule. Mgeni hakuja kutazama mali yetu, naye hatapungukiwa na neno.

Mwalimu aliye na wasichana wa darasa la upishi aweza kuwapa kazi hii kwa siku mbili: siku ya kwanza kuchuja na kupima, siku ya pili kuchanganya na kuonja. Watajifunza mizani, usafi na subira kwa pamoja.

Tunawatakia karamu njema, na vikombe vitoshavyo kila mtu, hata yule aketiye karibu na mlango.