Tumbo la mama halina kosa



Jirani yetu alijifungua mtoto wa sita. Msichana, kama wale watano wa kwanza. Bwana yake hakufika kituo cha afya hata kumwona. Wiki ya pili akahamia kwa mwanamke mwingine, na wakubwa wa ukoo wakamuunga mkono: "Tumbo lile linajua wasichana tu." Kadi ya chakula iko kwa jina la bwana. Sasa mama ana kichanga mgongoni, anazunguka ofisi hadi ofisi akiomba atenganishiwe kadi.

Sisi vijana tulikuwa pale. Tulinyamaza. Wengine tulicheka. Na wengi wetu tumesoma biolojia, tukapata hata alama nzuri. Tuliitumia kwa mtihani, tukaiacha darasani.

Basi tuirudie. Karibu kila seli ya mwili wetu ina kromosomu 46, yaani jozi 23. Jozi moja ndiyo inahusika na jinsia: kwa kawaida mwanamke ana X mbili, mwanaume ana X moja na Y moja. Yai la mama linabeba X. Mama hana Y, ataitoa wapi? Mbegu za baba ndizo ziko za aina mbili, zenye X na zenye Y, karibu nusu kwa nusu. Yai likikutana na X, msichana. Likikutana na Y, mvulana. Jambo hili si jipya: mwaka 1905 mwanasayansi mwanamke wa Marekani, Nettie Stevens, alilionyesha kwa wadudu wa unga. Zaidi ya miaka 120, na bado tunafukuza wamama.

Najua utauliza: "Kwa hiyo kosa ni la baba?" Hapana! Tusitoke kumtukana mama tukaingia kumtukana baba. Hakuna mwanaume anayechagua mbegu gani ifike. Ni kama kurusha sarafu. Chukua familia 1,000 zenye watoto sita: zaidi ya kumi zitakuwa na wasichana watupu, bila mtu yeyote kukosea. Na zaidi ya kumi zitakuwa na wavulana watupu. Umewahi kusikia mama wa wavulana sita amefukuzwa?

Hapo ndipo uongo unajionyesha. Shida si tumbo. Shida ni kwamba tumeamua msichana ni hasara, halafu tunatafuta wa kulipa.

Na wale wanaouza dawa ya kupata mtoto wa kiume? Wanakula pesa za watu wanaolala njaa. Hata ukiuza maji ya mto, karibu nusu ya wateja watazaa wavulana. Hao watakuja kukushukuru na kukutangaza. Waliozaa wasichana wataambiwa hawakufuata masharti.

Kuna jambo lingine tunalolinong'ona tu. Mpaka wiki ya sita hivi ya mimba, tezi za uzazi za watoto wote zinafanana. Kwenye Y kuna jeni inaitwa SRY, iliyotambuliwa mwaka 1990. Ikifanya kazi, tezi zinakuwa korodani, na homoni zake zinajenga mwili wa kiume. Lakini mara chache jeni hiyo inahamia kwenye X, au iko kwenye Y na haifanyi kazi. Kuna jeni na homoni zingine pia zinazoingia katika kazi hii. Ndiyo maana watoto wengine wanazaliwa na maumbile tofauti na tuliyozoea. Si uchawi, si laana. Lakini hapo pia mama anashitakiwa, na mtoto anafichwa ndani, haendi hata kupimwa.

Na ninyi wafanyakazi wa mashirika, mnatusaidia, lakini tuambiane ukweli. Mafunzo yenu ya usawa mnayafanya asubuhi, wanaume wakiwa wameenda kutafuta kibarua. Mnawafundisha wamama kwamba hawana kosa. Wao wanajua! Asiyejua yuko shambani. Njooni jioni, njooni Jumapili baada ya ibada, mseme Kiswahili, mlete maharage ya rangi mbili mchoree watu X na Y mchangani. Saa moja inatosha. Na mama akiachwa, kadi yake isichukue miezi.

Sisi vijana tuna kazi rahisi kuliko hiyo. Mara nyingine mtu akisema "tumbo la wasichana" mbele yako, usicheke. Mwambie: Y inatoka kwa baba, na baba hachagui. Sema kwa heshima kama ni mkubwa, lakini sema.

Yule kichanga hajapewa jina bado. Mama anasema anasubiri baba yake.