Kabla ya kupaka, tazama mtaa
Mwaka 2011 kampuni ya simu ya Vodacom iliacha bluu ikahamia nyekundu, rangi ambayo Airtel ilishaivaa. Kampuni kubwa hupaka upya vibanda nchi nzima mpaka watu wazoee. Mama lishe mwenye kopo moja la rangi hana ubavu huo. Aanze basi kwa kuangalia majirani wamepaka nini. Kijani na njano vikikaa pamoja Tanzania, watu wanasoma CCM, na mwaka wa uchaguzi mama lishe huyo ataulizwa kadi za chama badala ya chapati. Mimi ningemchagulia rangi mbili tu, moja iliyokolea, halafu tuzijaribu kwenye mfuko, kwenye aproni na ukutani juani. Nyekundu ya bei rahisi hupauka mapema.