Walidhani Ni Vitamini

Wazazi wenzetu, Rica Reinisch alikuwa binti wa miaka 15 alipoiwakilisha Ujerumani Mashariki katika Olimpiki ya Moscow mwaka 1980, akarudi kwao na medali tatu za dhahabu za kuogelea. Miaka miwili baadaye alilazimika kuacha mashindano kwa maradhi ya ovari. Alipokuwa mtu mzima, mimba zilimharibikia.

Hakuwa peke yake. Dola ile ilikuwa na mpango wa siri wa kuwapa wanamichezo wake Oral-Turinabol, dawa iliyoundwa kwa mfano wa homoni ya kiume, na waliopewa wanakadiriwa kufikia 10,000. Wengi walikuwa watoto. Vidonge vyenyewe vilikuwa vidogo, vya rangi ya buluu, na makocha waliviita vitamini. Wazazi hawakuambiwa lolote. Sauti za mabinti zikawa nzito, nywele zikawaota mwilini, hedhi zikavurugika. Na hayo ni yale tu yaliyoonekana mapema.

Faida ya dawa hizi huonekana upesi, madhara yake huchelewa. Misuli hutuna ndani ya majuma machache. Ini nalo huumia kimya kimya, na baada ya miaka huweza kuota uvimbe. Msuli wa moyo hunenepa, na mishipa yake huziba kabla ya umri wake. Mwili ukiletewa homoni kutoka nje huacha kutengeneza ya kwake, ndiyo maana kijana wa kiume aliyetaka kuonekana shababi huweza kujikuta na upungufu wa mbegu za uzazi. Kwa mtoto ambaye hajamaliza kukua, ncha za mifupa hufunga mapema, akabaki mfupi.

Mwaka 2000 mahakama ya Berlin iliwatia hatiani Manfred Ewald, aliyekuwa mkuu wa michezo wa nchi ile, pamoja na daktari Manfred Höppner. Wote wawili walipewa kifungo cha nje. Kwetu sisi, kuhusika kwa daktari ndiko kunakouma zaidi, kwani mzazi amwamini nani tena? Mwaka 2002 Ujerumani ilipitisha sheria ya kuwafidia waathirika, na waliokubaliwa walipata takriban euro 10,000 kila mmoja.

Mitaani kwetu hakuna mpango wa dola. Kuna rafiki wa jimu, na kopo la unga ambalo hakuna nyumbani ajuaye kilichomo. Kijana akianza kutuna kwa kasi, akajaa chunusi mgongoni na kushikwa na hasira za ghafla, mwulizeni anachomeza au anachojidunga, bila kumfokea. Kopo lipelekwe kwa mfamasia. Aliyekwisha kutumia kwa muda mrefu aache chini ya uangalizi wa daktari, kwa kuwa homoni za mwili huweza kuchukua miezi kurejea, na katika kipindi hicho wengine huingiwa na huzuni nzito isiyofaa kuachiwa mtu peke yake chumbani.