Nitakucheki

Sisi watu wa Songea tumechoka kuahidiwa kuchekiwa. Kuchekiwa kwenyewe hatujakuona. Fundi cherehani wa pale sokoni amepokea kitambaa cha sare na kianzio juu, ukimuuliza anajibu: "Mama, nitakucheki." Dalali aliyebeba mahindi Lizaboni kwa mali kauli, naye atatucheki. Mpangaji wa Bombambili anayedaiwa kodi anasema, "Nitakucheki, mzee wangu," na huo uzee wangu hutajwa siku ambayo mfuko umekauka tu.

Kuchukia neno hatulichukii. Ni la Kiingereza, sawa, lakini Kiswahili kililipokea kama kilivyopokea kupasi na kufeli, kikalivalisha viambishi mpaka likawa mwenyeji: chekia, chekiana, chekiwa. Tunacheki mpira Uwanja wa Majimaji. Zahanati tunacheki malaria na presha. Bodaboda anacheki oili kabla ya kupandisha abiria kwenda Mfaranyaki. Vijana wakiambiana "tuchekiane jioni", jioni wanaonana kweli, tena mapema. Kumbe neno linafanya kazi vizuri mahali pote, ila likikaribia hela ndipo linapooza miguu.

Na asili yake ingetosha kuwatia watu adabu. Waingereza walilitoa kwa Wafaransa, na ukilifuata nyuma zaidi unafika Uajemi, kwa shah, yaani mfalme wa kwenye sataranji. Shaha wetu wa malenga naye katoka huko huko. Hata cheki ya benki ni mtoto wa neno hilo, ingawa sisi tulikuwa na hundi yetu kutoka India. Sasa kwenye sataranji, aliyepigwa cheki haruhusiwi kucheza kitu kingine mpaka kwanza amwokoe mfalme wake. Anajibu papo hapo au mchezo umekwisha. Songea tumeugeuza: mdaiwa ndiye anayetamka cheki, halafu mdai ndiye anayekaa kimya kusubiri.

Ofisini ni balaa jingine, maana huko hawasemi watakucheki. Wanakutaka wewe ndiye ucheki. "Njoo ucheki Jumatatu." Jumatatu mwenye faili yuko semina. "Basi endelea kucheki." Aliyetoka Namtumbo au Mbinga anakata nauli tena, kuja kuambiwa jambo ambalo angeambiwa kwa simu, na namba yake imeandikwa juu ya fomu kwa wino wa bluu.

Wakulima wa mbaazi na ufuta ndio wanaolijua vizuri neno hili. Mazao siku hizi yanapita stakabadhi ghalani na kuuzwa kwa mnada, jambo ambalo wengi wetu tuliliunga mkono, kwa sababu bei inasikika hadharani na mizani haichezewi shambani usiku. Lakini mnada ukiisha, maswali ni yale yale. Mzee mmoja alimwendea karani kuulizia malipo, akajibiwa: "Mzee, si ucheki simu yako?" Akatoa kitochi chake, akafuta kioo kwa upindo wa shati, akakisogeza mbali na macho ili asome. Ujumbe ulikuwepo. Ulikuwa wa mtandao wa simu, unamkaribisha ajiunge na bando la wiki.

Tulicheka, naye akacheka. Mbegu na mbolea za msimu ujao hazinunuliwi kwa kicheko.

Kuna watakaosema tunakuza mambo, kwamba nitakucheki ni adabu tu, afadhali hiyo kuliko kumwambia mtu usoni kwamba huna. Hatukubali. Mtu akisema sina, unajipanga: unakopa kwa jirani, unauza kuku, unamwambia mwalimu mtoto atachelewa kuvaa sare. Akisema nitakucheki unabaki umekodoa macho kwenye simu, na hata kukopa unaona haya kwa sababu una hela, ila ziko kwa mtu.

Kwa hiyo fundi, dalali, mpangaji na karani, tunaomba siku. Tajeni Alhamisi. Ikifika Alhamisi hamna kitu, pigeni mseme Jumamosi, tutawaelewa. Shule zinafunguliwa Januari na sare haijakatwa. Na wewe uliyechukua mahindi Lizaboni, yalikuwa magunia manane, namba zetu unazo, na simu hatuzimi.