SHIDA SIO DADA KUANDIKA, SHIDA NI DADA KUFUNGUA MDOMO

Wiki hizi mbili mitandaoni hakukaliki. Mwandishi mmoja wa stori za mapenzi na mikasa, yule dada ambaye mashabiki wake wakikutana na neno ITAENDELEA wanatamani kupasua simu, kaamua kuongeza kitu kipya. Kila Jumapili jioni anaandika kuhusu kusoma na kuandika kwenyewe. Kasoma kitabu gani, mhusika anajengwaje, mazungumzo yaandikwe vipi yasisikike kama hotuba ya mshenga, na hela ya mwandishi inaingilia wapi na kuvujia wapi.

Basi. Limekuwa kosa la mwaka! Povu limemwagika kama kuna mtu kafua mashuka ya gesti nzima.

Jina la dada halitajwi hapa, na majina ya wanaomponda hayatajwi vilevile. Wenyewe wanajijua, na mjini hapa wanajulikana. Kinachotakiwa ni kuangalia wanachosema, maana ukikipanga vizuri unagundua kitu kimoja: miaka minne dada kaandika stori na hakuna aliyemgusa. Alipoanza kueleza stori zinavyotengenezwa na zinavyoibiwa, ndio kawa adui.

"NANI KAKUFANYA MWALIMU?"

Wa kwanza kurusha jiwe ni kaka mmoja msomi. Kaandika maelezo marefu, kwamba dada kaishia kidato cha nne, hana digrii ya fasihi, hajui tashbiha wala tashihisi, sasa atamfundisha nani kuandika?

Swali zuri. Ila tuanze na Shaaban Robert, yule ambaye kila msomi wa Kiswahili akisimama lazima amtaje. Alisoma Dar es Salaam miaka ya 1920, akapata cheti chake cha kumaliza shule, akaajiriwa karani wa forodha. Digrii hakuwa nayo. Karani huyo huyo ndiye kaandika Kusadikika, kaandika Adili na Nduguze, na maprofesa wakaja kupata digrii zao kwa kumchambua yeye. Sasa hivi kuandika kumekuwaje mpaka kuhitaji kitambulisho cha chuo?

Na kwa wale wanaosema stori za mastaa na mapenzi ni uchafu, huyo huyo Shaaban Robert aliandika maisha ya Siti binti Saad, mwimbaji wa taarabu wa Zanzibar aliyeenda kurekodi Bombay mwaka 1928. Yaani mwandishi mkubwa kuliko wote alikaa chini akaandika kuhusu msanii, mwanamke aliyetokea kwenye umaskini na kusemwa sana. Hakuona aibu.

Haki yake msomi apewe, kuna sehemu kasema kweli. Dada tahajia inamchenga. "Kwa hiyo" anaiunganisha, "l" na "r" zinapigana ngumi. Lakini hebu rudini kwenye andiko lake la Jumapili ya kwanza kabisa. Alipiga picha ukurasa wa stori yake ya mwanzo, akazungushia kila kosa kwa kalamu nyekundu, akaweka hadharani watu waone. Makosa kumi na nane kwenye ukurasa mmoja! Sasa msomi anayemcheka leo anacheka kitu ambacho mwenyewe keshakizungushia wino. Msomi yeye lini aliwahi kuonyesha daftari lake?

STAA MWENYE KITABU ASICHOKIJUA

Wa pili ni staa. Huyu alizindua kitabu hotelini, zulia jekundu, keki yenye umbo la kitabu, picha zaidi ya mia. Kwenye intavyuu akaulizwa sura gani ilimsumbua kuandika, akajibu, "zote zina hisia sana." Akaulizwa kitabu kina sura ngapi, akamwangalia meneja wake.

Huyo ndiye kasimama laivu kusema waandishi wa kwenye simu "wanashusha hadhi ya uandishi".

Povu lake lina sababu. Jumapili ya tatu dada aliandika kuhusu kuwaandikia watu wengine. Hakusema ni dhambi. Alisema ni kazi kama kazi nyingine, fundi cherehani anashona gauni na anayelivaa ni mwingine. Ila akawashauri vijana: muandikishane mkataba, chukua nusu ya hela kabla hujaanza, na omba jina lako litajwe hata kwa herufi ndogo ukurasa wa ndani. Hakutaja mtu. Lakini jiwe likirushwa gizani, ukisikia "yalaa" ujue limempata mtu.

Kuna kijana mjini hapa anajua sura zile ziko ngapi, maana aliziandika yeye, usiku, kwa simu yenye kioo kilichopasuka. Nusu ya hela yake mpaka leo anaambiwa "nitakucheki".

Halafu hii ya kusema stori za vipande vipande sio fasihi, watu wamejifunzia wapi? Charles Dickens kule Uingereza mwaka 1836 alianza kutoa The Pickwick Papers kwa vipande, kila mwezi kipande, kwa shilingi moja. Watu walikuwa wanasubiri kama wanavyosubiri sasa. Hapa kwetu magazeti ya udaku yaliuza nakala kwa sababu ya hadithi za kuendelea, mtu analinunua anaruka kurasa zote anaenda moja kwa moja kwenye hadithi. Kilichobadilika ni karatasi kuwa kioo.

MA-ADMINI WA PDF

Hawa ndio wenye kelele kubwa na sababu ndogo. Dada anauza stori iliyokamilika kwa buku. Shilingi elfu moja, bei ya chipsi nusu sahani, na hapo muuzaji ana huruma. Unatuma kwa simu, unatumiwa PDF, mnaagana kwa amani.

Sasa piga hesabu. Wasomaji mia wakilipa, dada anapata laki moja. Atoe bando, atoe makato ya miamala, amlipe anayemtengenezea jalada, abaki na kitu cha kumpa mwanae ada. Lakini mmoja akilipa halafu akawafowadia tisini na tisa, dada kapata buku. Buku moja kwa miezi miwili ya kukesha! Na admini mwenye grupu lake anaweka kiingilio cha jero, anavuna kwa stori ambayo hata koma hakuiweka.

Dada aliandika hesabu hiyo hiyo, waziwazi, na akaweka picha za mazungumzo na admini mmoja bila namba wala jina. Admini anamwambia, "si nakutangaza bure dada angu, ungenishukuru." Yaani mwizi wa kuku anataka ashukuriwe kwa kumtembeza kuku mtaani.

Ma-admini wanajitetea kwamba kitu kikishaingia mtandaoni ni cha wote. Sio kweli. Sheria ya Hakimiliki na Hakishiriki ipo Tanzania tangu mwaka 1999, na inalinda maandishi tangu yanapotungwa, yawe kwenye karatasi au kwenye simu. Mwenye kutunga ndiye mwenye kuamua nani anakili na nani anauza. Kwamba polisi hawajaja kugonga kwako haina maana uko sahihi.

"LETE STORI, ACHA MASHULE"

Hawa wanauma zaidi kwa sababu ni mashabiki wenyewe. Komenti zao fupi: "tumekuja kwa stori sio darasa", "sehemu ya 41 iko wapi", "unajiona mzungu sasa hivi".

Kwenye moja wana haki, na asitokee wa kumtetea dada kipofu. Stori yake ya nesi na mfanyabiashara wa madini aliiuza mapema, watu wakalipa, ikasimama sehemu ya 40 na mpaka leo nesi yuko kwenye ngalawa hajulikani kafika au kazama. Hapo dada anadaiwa. Mtu aliyelipa sio mdaka fowadi, ni mteja. Aimalize. Na huwezi kuwaambia watu waheshimu buku lako wakati wewe hujaheshimu la kwao.

Lakini kudai sehemu ya 41 ni kitu kimoja, kumwambia afunge mdomo ni kingine. Shabiki wa mpira anajua kuotea, anajua kadi, anabishana na refa. Shabiki wa bongo fleva anajua biti hii katengeneza nani. Kwa nini shabiki wa stori awe mtu wa kulishwa tu, asijue kwa nini stori moja inamliza na nyingine inamboa? Dada anataka mashabiki wajanja zaidi, maana shabiki mjanja hatanunua takataka, hata iwe takataka ya dada mwenyewe. Hilo sio dharau. Dharau ni kumwandikia mtu ukiamini hawezi kuelewa.

Na ule wimbo wa zamani kwamba Watanzania hawasomi, wenye kuuimba waupumzishe. Watu walisoma Willy Gamba wa Elvis Musiba mpaka jalada linachanika. Walisoma Joram Kiango wa Ben Mtobwa, kitabu kimoja kinazunguka mtaa mzima. Leo panda daladala ya Mbagala saa kumi na mbili jioni: binti kasimama mguu mmoja, mkono mmoja kwenye bomba, mkono mwingine simu, anasoma sehemu ya 27. Huyo hasomi?

Wasiosoma ni wale wenye mdomo mrefu. Mwaka 2021 Abdulrazak Gurnah, mzaliwa wa Zanzibar, alipopata Nobeli ya fasihi, mastaa walijaza picha yake kurasani, "fahari yetu". Kitabu chake cha Paradise kikaja kutafsiriwa, kinaitwa Peponi, Kiswahili kabisa. Katika hao waliompostia, wangapi wamekifungua?

NANI ANAPOTEZA

Jumapili iliyopita dada hakuandika. Ukurasa uko kimya. Aliacha neno moja tu jioni ile: "Nimechoka."

Msomi atafurahi. Staa atafurahi. Ma-admini wataendelea kukusanya jero. Lakini chini ya maandiko yale kulikuwa na watu ambao hamkuwasoma kwa sababu hawatukani. Kijana anayeuza vifuniko vya simu Kariakoo, alituma ukurasa wake wa kwanza, dada akamjibu mistari ishirini: hapa umeharakisha, hapa mama anaongea kama mwanasheria, hapa pazuri usiguse. Binti wa kidato cha pili aliandika kwamba kumbe mtu kama yeye anaweza kuwa mwandishi. Kaka mmoja alisema kwa mara ya kwanza kamuomba bosi wake mkataba wa maandishi.

Shule ngapi zingewapa hayo bure? Msomi mwenye digrii, katika ile posti yake ya kumponda, kamfundisha nani hata aya moja?

Kwa hiyo mambo yapangwe vizuri. Dada amalize nesi wake, atoke kwenye ngalawa. Msomi kama ana elimu, aimwage hadharani watu wachote, akosoe kwa kuonyesha njia. Staa amlipe kijana wa watu nusu yake. Ma-admini waache kuita wizi matangazo. Na mashabiki, ukitumiwa PDF ya bure, muulize aliyekutumia, "mwenyewe kalipwa?" Swali dogo hilo, ila likiulizwa kwenye kila grupu, kuna watu watahama mji.

Dada arudi Jumapili. Aandike na makosa yake, ayazungushie nyekundu kama kawaida.

Haya, funguka hapo chini kwenye komenti: stori ya mwisho uliyoilipia ni ipi? Sio uliyotumiwa. Uliyoilipia.