Samehe Afikishwe Ruaha Mbuyuni

Wako wasomi wanaoipokea tamthilia kwa mkono wa kulia na sinema kwa mkono wa kushoto. Wamtajapo Amandina Lihamba, hutaja tamthilia yake Hawala ya Fedha ya mwaka 1980. Hutaja shahada ya udaktari aliyoipata Leeds mwaka 1985. Hutaja miaka aliyofundisha sanaa za maonyesho katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Kisha kalamu huwekwa chini. Mwigizaji hasemwi, kana kwamba kuandika ni kazi na kuigiza ni mapumziko ya baada ya kazi. Hesabu hiyo ni pungufu, nayo yafaa ikanushwe.

Sinema Maangamizi, iliyoongozwa na Martin Mhando, Mtanzania, pamoja na Ron Mulvihill, Mmarekani, ilitengenezwa kwa fedha chache nje ya makampuni makubwa. Hata hivyo, mwaka 2001 ilikuwa ya kwanza kupelekwa na Tanzania kushindania tuzo ya Oscar. Ndani yake Lihamba ni Samehe, mgonjwa katika hospitali ya wenye maradhi ya akili, mwanamke aliyenyamaza kwa miaka mingi. Msomaji na apime uzito wa kazi hiyo: mtunzi ambaye mali yake ni maneno amenyang'anywa maneno, akaachiwa macho, mabega na pumzi. Mwandishi akikosea hufuta. Mwigizaji wa sinema ya fedha chache hana wasaa wa kurudia mara kumi. Ikiwa tamthilia iliyochapwa yastahili mihadhara, kimya hicho nacho chastahili.

Watajibu kwamba sinema isiyotazamwa na watu wake haina haki ya kudai heshima. Basi na waulizwe: nani aliyeizuia njiani? Kati ya mwaka 1935 na 1937 wakoloni walitengeneza sinema huko Vugiri, Usambara, wakazitembeza kwa lori ili kumfunza Mwafrika kilimo na usafi kama walivyotaka wao. Neno lao lilikuwa dogo, lakini walilifikisha. Taifa huru lina neno kubwa zaidi, nalo limeliacha kwenye matamasha ya ng'ambo.

Chini ya mlima Kitonga, mkoani Iringa, iko Ruaha Mbuyuni. Mabasi ya Dar es Salaam na Mbeya hupita hapo, na vitunguu huuzwa kando ya barabara. Sinema za biashara hupita humo humo katika mabasi, kwa kuwa zina mchuuzi wa kuzisukuma. Maangamizi haina mchuuzi. Chuo kikuu na kiwe mchukuzi wake. Katika miaka ya 1980 Lihamba na Penina Muhando walipeleka maigizo vijijini, wala hawakungoja wanakijiji waje chuoni. Ni aibu wanafunzi wao kusifu mwendo huo katika vitabu na kushindwa kuufuata.

Muuza vitunguu ajuaye mizimu ya kwao, na ajuaye wanawake walionyamazishwa, ana haki ya kumhukumu Samehe kuliko mwamuzi wa California. Binti yake mwenye kipaji naye ana haki ya kujua kwamba uigizaji ni elimu. Gharama yake ni shuka nyeupe, mashine ya kuonyeshea na jenereta. Kongamano moja la wasomi hula zaidi ya hayo kabla ya chai ya saa nne.