Kabla ya kuchimba bwawa Kisangani, tuulize vifaranga vinatoka wapi

Kisangani ni mji wa samaki. Wagenia walikuwa wakivua kwenye maporomoko kwa vikapu vyao vikubwa tangu kabla Stanley hajapita hapo mwaka 1877. Lakini leo mama anayekwenda soko kuu la Makiso mara nyingi anarudi na samaki wa barafu aliyetoka ng'ambo. Ndiyo maana watu wanachimba mabwawa, na wanafanya vizuri. Shida ni vifaranga.

Wengi huvichota kwenye bwawa la jirani. Tilapia huweza kuanza kuzaa akiwa na miezi mitatu hivi, bado mdogo. Jike hubeba mayai kinywani mpaka watoto waogelee, na baada ya wiki chache anazaa tena. Bwawa linajaa, chakula hakitoshi, na mfugaji aliyelipa vibarua wa kuchimba anavuna visamaki vya urefu wa kidole. Analaumu maji, analaumu chakula, pengine hata wivu wa majirani.

Ukitembelea kituo cha kutotolesha vifaranga utaona kazi nyingine kabisa. Tilapia dume, ambaye hukua haraka zaidi, hutengwa na jike. Kambale, yaani ngolo, kwa kawaida hazai akifungiwa bwawani. Jike huchomwa sindano ya homoni, na baada ya saa kadhaa mayai hukamuliwa kwa mkono na kuchanganywa na mbegu ya dume, ambaye huchinjwa ili ipatikane. Kwenye maji ya joto mayai huanguliwa kwa siku moja hadi mbili. Kisha vifaranga hupangwa kwa ukubwa, la sivyo wakubwa huwala wadogo.

Kazi hii haijifunzwi kwenye semina ya hoteli. Wabelgiji walihimiza mabwawa vijijini miaka ya 1940 na 1950, yakachimbwa kwa maelfu nchini, na baada ya uhuru mengi yakageuka vichaka.

Kwa hiyo mkoa wa Tshopo ukipata fedha za ufugaji, zianze na kituo cha vifaranga, si sherehe ya kuzindua mabwawa. Chuo Kikuu cha Kisangani na IFA-Yangambi vina wataalamu. Wafugaji waingie humo, washike ndoo, wajifunze kutenganisha dume na jike. Wanafunzi wa shule za Makiso nao wapelekwe, wakiwa na viatu vya matope.